Uzio wa Nyuma

"Mama Suad, nisikilize vizuri," alisema Jedidah. Alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, kitambulisho kikining'inia kifuani. "Huyo mtu wa council akikuuliza, mwambie ile siku mbaya kuliko zote. Siku nzuri usizitaje. Siku nzuri ziweke kwa kabati."

"Nimekusikia, mwanangu," alijibu Kijakazi, ambaye majirani walimwita kwa jina la bintiye.

"Hapana, hujanisikia. Hii ndiyo kazi yangu, miaka kumi na mbili naangalia wazee wa watu. Ukiwaambia uko sawa, wanaandika uko sawa. Na wakishaandika, imeisha. Mzee anatoka bila wewe kujua?"

"Hujaribu."

"Anatoka! Anakupiga?"

Kijakazi aliuvuta mkono wa gauni lake mpaka ukafunika kifundo cha mkono. "Vuai hajanipiga tokea anioe," alisema. "Ni maradhi ndiyo yanayopiga."

"Basi waambie maradhi yanakupiga," alisema Jedidah, akatazama saa, akakimbilia basi lake.

Jedidah alikuwa Mkisii, jirani wa ukuta kwa ukuta hapo Plumstead, mlima unaposhukia Woolwich. Alikuwa na mdomo, lakini mdomo wake ulikuwa wa kweli, na alilolisema asubuhi ile Kijakazi alilijua tangu zamani. Mumewe, Vuai, alikuwa katika mwaka wa tatu wa ugonjwa wa kusahau. Mtu aliyeendesha basi namba 53 kwa miaka thelathini na moja, akaijua London kichochoro kwa kichochoro, sasa hakijui choo cha nyumbani kwake. Akiwa ndani hulia akimtaka mama yake, aliyezikwa Wete miaka arubaini iliyopita, na huugonga mlango wa mbele mpaka ngumi zikavimba. Mlango huo Kijakazi aliufunga kwa ufunguo, na ufunguo aliutia mfukoni. Aliona haya kumfungia mtu mzima kama kuku, lakini angefanyaje?

Kilichowasalimisha ni bustani. Ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi na tano kwa urefu na nane kwa upana, ina matuta ya kitunguu saumu na spinachi, kijumba cha plastiki cha kotmiri, na mwaridi mkongwe ulioegemea uzio. Mrehani na mchaichai huingizwa jikoni wakati wa baridi. Vuai akitoka huko asubuhi hubaki mpaka adhuhuri. Hupalilia, huhamisha vyungu kutoka upande huu kwenda upande ule, huvihesabu, huvirudisha. Huko hakumtaka mama yake wala hakumpiga mtu. Ndiyo maana Kijakazi aliweza kupika, kufua, na kusinzia kidogo kwenye kiti cha jikoni huku akimtazama dirishani. Ndiyo maana pia aliweza kumwambia Suad, binti yao wa pekee aliyekaa Luton, kwamba hakuna haja ya kuzungumzia nyumba za wazee.

Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya uzio wa mbao uliozunguka bustani ile. Nyuma ya uzio kulikuwa na kichochoro, na kichochoro kilitokea barabara kuu. Na uzio, tangu Novemba, ulikuwa umeinama, nguzo zimeoza kwenye udongo. Kijakazi alilipigia simu shirika lenye nyumba mara sita. Waliandika, wakampa namba, basi.

*

Afisa wa halmashauri aliitwa Hansa, msichana wa Kihindi wa miaka thelathini hivi. Kijakazi alikuwa amejiandaa kwa mtu mkavu mwenye haraka. Hansa alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavuta harufu ya udi, akainamisha kichwa na kusema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Shikamoo, mama. Mama yangu amezaliwa Mwanza."

Shikamoo ile ndiyo iliyomharibu Kijakazi. Ukishaamkiwa, aliyekuamkia ni mwanao, na akiwa ndani mwako ni mgeni wako. Utamkalisha mtoto wa watu, umpe chai na visheti, halafu umwambie kwamba mumeo anakojoa koridoni? Maneno yote ya Jedidah yalimtoka, kama hajawahi kuambiwa.

Mengine yalisemwa kwa Kiingereza. Hansa aliweka kompyuta magotini akauliza taratibu.

"Hupotea njia?"

"Ah, umri. Sote tunapotea."

"Amewahi kutoka nje peke yake bila wewe kujua?"

Kijakazi alimwona Vuai alivyokuwa Desemba, kwenye njia panda, kikoi na miguu mitupu, magari yakimpigia honi. "Hapana," alisema. "Yeye na bustani yake tu."

"Hukasirika? Hurusha mkono?"

"Vuai? Mtu mpole huyo."

"Na wewe mwenyewe, unalala vizuri?"

"Nalala, alhamdulillah."

Hansa akaandika. Mara mlango wa nyuma ukafunguka, Vuai akaingia na tope mpaka viwikoni, ameshika fungu la kotmiri pamoja na mizizi yake. Kijakazi aliinuka amzuie. Lakini Vuai alimwona mgeni, akanyooka mgongo, akamtunza kotmiri ile kwa mikono miwili. "Karibu, madam," alisema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Fifty-three? Plumstead, Woolwich, Charlton, Blackheath, Deptford, New Cross, Old Kent Road, Elephant. Shikilia vizuri, tunaondoka." Hansa alicheka mpaka akafuta macho. Alisema babu yake alikuwa akipanda basi hilo hilo kila siku kwenda kazini New Cross, pengine na Vuai.

"Babu yako alikuwa na nauli kamili daima," alisema Vuai, na wote watatu wakacheka.

Ukweli lazima usemwe: Kijakazi alijivuna. Kwa muda wa bilauri moja ya chai mumewe alikuwa amerudi, na alitaka mgeni aondoke akimjua Vuai huyu, si yule wa alfajiri. Hata Hansa aliposimama kwenye dirisha la jikoni akasema, "Ule uzio umeinama, mama. Nikiandika kuwa ni hatari kwake, wataushughulikia upesi," Kijakazi alimjibu, "Usijisumbue, mwanangu. Nishawapigia. Watakuja." Hakutaka aonekane mtu wa kuomba kabla mgeni hajamaliza visheti.

Jioni Jedidah alipita. Alimkuta anaosha vikombe ambavyo vilikwisha kuoshwa.

"Umemwambia nini?"

Kijakazi alikitia kikombe kingine kwenye maji.

"Ai, mama!" alisema Jedidah. "Kumbe ni siku mbaya ndizo umeweka kwa kabati."

*

Kesho yake, Jumatano, simu zikaanza kulia tahadhari. Dhoruba zinakuja, moja nyuma ya nyingine, kila moja na jina lake, kama waalikwa. Ya kwanza iliitwa Dudley, ya pili Eunice.

"Eunice ni auntie yangu wa Nyamira," alisema Jedidah. "Na kama ndiye huyo anakuja, mama, tufunge kila kitu."

Wakaingia bustanini watatu. Kijakazi alifunika kotmiri kwa mashuka, akaweka matofali pembeni ya kijumba cha plastiki. Jedidah alizishindilia nguzo za uzio kwa mawe. Kamba zilipoisha, Vuai, aliyekuwa akiwatazama, aliingia ndani. Kijakazi alidhani ameshasahau wanachofanya. Akarudi amebeba rundo la tai mikononi, tai za buluu za dereva, ishirini na kitu, ambazo hakuwahi kukubali zitupwe.

"Hizi hazikatiki," alisema. "Mie nimezivaa, nazijua."

Akaanza kufunga. Akafunga ubao kwa ubao, na ubao kwa nguzo, tangu mwanzo wa uzio mpaka mwisho wake, kwa fundo moja tu, lile la kufungia magunia ya karafuu alilofundishwa na baba yake kabla hajaota ndevu. Akili ilikuwa imesahau jina la binti yake, vidole havikuwa vimesahau fundo. Kijakazi alishika ubao, yeye akafunga. Upepo ulikuwa umeanza kupuliza kanzu yake, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyeko kazini.

"Kaza hapo," alimwambia mkewe.

"Nimekaza, Baba Suad."

Dudley akapita na kishindo chake, na Alkhamisi asubuhi uzio ulikuwa umesimama vile vile, tai zikipepea. Kijakazi alifurahi hata akapika wali wa nazi siku ya kazi. Alimpelekea Jedidah sahani.

*

Ijumaa walitangaza hatari nyekundu, watu wasitoke. Suad alipiga simu kutoka Luton, akazungumza Kiingereza kama kawaida yake. Treni zimesimama, alisema, hawezi kuja, na baba asikanyage nje.

"Mie ntamzuiaje mtu na shamba lake?" aliuliza Kijakazi.

"Mama, please. Funga mlango."

Alifunga. Saa tano asubuhi kijumba cha plastiki kiliinuka na matofali yake, kikapita juu ya paa la Jedidah kama mfuko wa dukani. Vuai alikuwa dirishani. Alianza kupiga kelele kwamba mama yake yuko nje, mama yake ananyeshewa, mfungulieni. Kijakazi aliegemeza mgongo mlangoni. Vuai alimvuta, akampiga begani, akampiga kifuani, akalia, akampiga tena. Alikuwa na miaka sabini na sita lakini mikono ilikuwa bado ya mtu wa usukani. Kijakazi hakupiga kelele. Alisoma aya alizozijua, akarudia, na alipofumbua macho aliona kupitia kioo jinsi uzio ulivyokwenda.

Haukuvunjika vipande. Nguzo moja ya kati, iliyooza, ilikatika kwenye udongo ikaanguka upande wa kichochoroni. Na kwa kuwa kila ubao ulikuwa umefungwa kwa mwenzake, nguzo ile ikavuta ubao wa kwanza, wa kwanza ukavuta wa pili, mpaka mstari mzima wa nyuma ukalala chini pamoja, umeshikana. Tai hata moja haikukatika. Lau wangeuacha bila kuufunga, pengine zingeanguka mbao mbili tatu tu, likabaki pengo la kuzibika. Kijakazi alilielewa hilo pale pale, mgongo mlangoni, na alitamani asingelielewa.

*

Jumamosi aliliamkia shirika la nyumba. Simu ilimwambia kwamba yeye ni mtu wa sitini na nne katika foleni. Alisikiliza muziki ule ule saa nzima na nusu, simu imebanwa baina ya sikio na bega lililovimba, huku akimshika Vuai kwa mkono wa pili. Hatimaye akajibiwa na kijana mpole.

"Uzio wa mpakani ni siku tisini za kazi, dear. Ila kama nyumbani kuna mtu aliye hatarini, tunafupisha. Utume tu barua ya tathmini kutoka halmashauri."

Kijakazi akampigia Suad. Barua ilikuwa imeshafika, kwa barua pepe, tangu Alkhamisi. Suad alimsomea kwa Kiingereza, sauti ikizidi kuwa nyembamba kila mstari. Mzee hatoki nje peke yake. Mzee hana ukali. Mke analala vizuri na hana malalamiko. Mahitaji ni madogo. Itaangaliwa tena baada ya miezi sita.

"Mama, nani kawaambia haya?"

"Nimewaambia mie."

"Why?"

Kijakazi alitafuta jibu. Alikuwa nalo, lakini halikuwa na Kiingereza chake, na hata kwa Kiswahili lilionekana la kipuuzi sasa. "Alikuwa mgeni," alisema.

Suad akasema ana mambo ya kupanga, atapiga baadaye.

Basi wakajenga wenyewe. Jedidah alitoka zamu ya asubuhi akaja na misumari na nyundo bila kubadilisha nguo. Waliziondoa mbao zilizopasuka. Zilizopona wakazisimamisha kwa mawe, na palipobaki wazi wakaweka milango miwili ya kabati la zamani. Pengo la mwisho, lile la upana wa mtu, wakaliziba kwa kitanda cha Suad cha utotoni kilichokuwa chini ya ngazi, wakakisimamisha wima na kukifunga kwa tai. Watu waliopita kichochoroni walitazama. Mmoja alipiga picha. Kijakazi alijifanya hakuona, na haya zilimpanda mpaka masikioni.

Vuai hakuona haya yoyote. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akivirudisha vitunguu saumu ardhini kimoja kimoja. Mwaridi ulikuwa umepasuka katikati. Upande mmoja ulikuwa umelala chini. Aliukata kwa kisu cha jikoni, akabakisha kisiki na tawi moja la urefu wa mkono, akalifunga tawi lile kwenye kipande cha nguzo kilichosalia. Alilizungushia tai mara tatu, akapiga fundo lake, akalijaribu.

"Kija," alisema. "Huu utashika."

Kijakazi alikaa chini kwenye tope. Tangu Ramadhani iliyopita hakuwa ameitwa jina lake. Alisema, "Utashika, inshaallah," na Jedidah akageuka akajitia kuokota misumari.

*

Ya tatu iliitwa Franklin. Haikutangazwa kwa kelele kama Eunice, na watu walikuwa wamechoka kuogopa. Jumapili baada ya adhuhuri upepo ulianza upya. Kijakazi alikwenda mara mbili kukisukuma kile kitanda, akakiona kimeshika.

Ilipoingia alasiri alitandika mswala pale pale jikoni ili amsikie Vuai, aliyekuwa mezani akihesabu vyungu vya mrehani. Mlango wa bustani hakuufunga. Aliuacha kwa makusudi, kwa sababu Ijumaa alimfungia na yakatokea yaliyotokea, na kifua bado kilimuuma akiinama. Katika rakaa ya tatu alisikia mlango unafunguka. Alijua kwamba mtu anaruhusiwa kuikata sala kwa jambo la hatari. Lakini hatari gani? Mtu anakwenda kwenye bustani yake. Akaendelea. Alipotoa salamu hakunyanyuka upesi, alibaki ameinua mikono akaomba dua, na dua yenyewe alimwombea yeye huyo huyo, kwamba Mungu amwache nyumbani mpaka siku yake.

Alipotoka, kitanda kilikuwa kimelala kifudifudi kichochoroni. Mbele yake, kwenye tope, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu.

Alikimbia hivyo hivyo na mtandio wa kusalia. Kichochoro, barabara kuu, kushoto, kulia, huku akiita "Vuai! Vuai!" kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia barabarani tangu afike Uingereza. Aliwauliza watu kwenye kituo. Walimtazama mavazi kwanza, ndipo wakamjibu kwamba hawakuona kitu. Jedidah, aliyesikia kelele, alishuka na gari na kumpakia. Waliizunguka Plumstead yote na Woolwich mpaka sokoni.

Vuai alikuwa amekwenda kazini. Walimkuta nje ya geti la gereji ya mabasi, amelala ubavu penye ukingo wa barabara, mguu mmoja umepinda vibaya. Dereva kijana alikuwa amechuchumaa karibu yake akimfunika kwa koti lake la kazi. Alisema mzee alitaka kuingia upande wa dereva, akasema amechelewa zamu, na upepo ukamyumbisha akiteremka.

"Ni mumeo? Nani alikuwa anamwangalia?" aliuliza polisi wa kike.

"Mie," alisema Kijakazi.

*

Nyonga ilikuwa imevunjika. Baada ya wiki tatu hospitali iliita kikao: daktari, muuguzi mkuu, Hansa, Suad aliyechukua ruhusa kazini, na Kijakazi. Kilifanyika katika chumba kidogo chenye boksi la karatasi laini za kufutia machozi katikati ya meza. Kijakazi alilitazama boksi lile, akajua waliloitiwa.

Daktari aliuliza hali ilikuwaje nyumbani kabla ya ajali. Hansa alifungua kompyuta yake. Hakuinua macho. Akasoma: hatoki nje peke yake, hana ukali, mke analala vizuri. Maneno ya Kijakazi mwenyewe yalisomwa moja baada ya jingine, na kila moja lilisikika kama limetolewa na mtu mjinga, au mwongo.

"Hii haifanani na tunayoyaona wodini," alisema daktari. "Bi Kijakazi, tunaomba ukweli."

Ndipo alipousema. Aliukunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko na kuuweka mezani mkono wenye makovu. Aliusema wote, kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza hakikutosha: mlango unaofungwa, ufunguo mfukoni, mkojo koridoni, njia panda ya Desemba, bega, kifua, usiku anaokaa macho ameshikilia upindo wa kanzu yake ili akiinuka ajue. Alisema siku mbaya kuliko zote, kama alivyofundishwa. Suad, ambaye tangu utoto wake alisikia Kiswahili akajibu Kiingereza, alilazimika kuyabeba maneno yote ya mama yake na kuyapitisha kinywani mwake mbele ya wageni. Alifasiri mpaka penye kifua, akashindwa, akavuta karatasi kutoka kwenye boksi.

"Sasa mnajua," alimalizia Kijakazi. "Nipeni mtu wa kunisaidia asubuhi, na mnitengenezee uzio. Nataka kurudi naye nyumbani. Sitaki kitu chengine."

Suad akafasiri. Daktari alimshukuru kwa uwazi wake. Alisema uwazi huo umewasaidia sana. Halafu alisema kwamba kwa haya waliyoyasikia ni wazi kuwa nyumbani si mahali salama, si kwa mzee wala kwa yeye mke, na kwamba watatafuta nafasi katika nyumba ya wazee yenye uangalizi wa kutwa kucha.

Kijakazi hakuelewa mara ya kwanza. Alimgeukia Suad. Suad alimwambia kwa Kiswahili, Kiswahili chake kibovu cha kitoto, polepole. "Hawamrudishi, Mama. Kwa hayo uliyosema."

Alipoukataa ukweli walimnyima msaada, na alipousema walimnyima mume. Kijakazi aliuteremsha mkono wa gauni lake na kufunga kifungo. Mlangoni Hansa alimfuata, macho mekundu, akamshika mkono. "Mama, ungeniambia. Ningeandika yote."

"Sikulaumu, mwanangu," alisema Kijakazi. "Uliniamkia vizuri."

*

Nyumba aliyopewa Vuai ilikuwa Sidcup, mabasi mawili. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, na dirisha lilifunguka upana wa vidole viwili, kwa usalama. Kijakazi alimpelekea mrehani kwenye chungu. Wakaukataa kwa sababu ya udongo. Siku ya pili alivunja matawi mawili akayaficha kwenye mkono wa gauni. Vuai aliyanusa, akayashika. Kutembea hakutembea tena.

Wajenzi wa uzio walikuja mwishoni mwa Aprili, ndani ya Ramadhani, siku ya hamsini ya zile siku tisini, waliwahi. Walikuwa wawili. Waling'oa nguzo zilizooza na milango ya kabati na kile kitanda, wakatupa kila kitu garini, wakasimamisha nguzo za saruji na mbao mpya zinazonukia. Kijakazi aliwatazama kutoka dirisha la jikoni. Vitunguu saumu vilikuwa vimesimama kwa mistari iliyonyooka. Kisiki cha mwaridi kilikuwa kimetoa majani mekundu, na tawi lile lilikuwa na machipukizi manne.

Yule mkubwa wao alikuwa ameinama kwenye mwaridi akihangaika na tai. "Hiki kipande cha nguzo inabidi nikitoe," alimwita. "Ila fundo hili limenishinda. Nilikate?"

"Usilikate!" alisema Kijakazi, akatoka na viatu vya ndani. "Kiache kipande hicho. Jenga upande wa pili."

Mtu yule aliinua mabega, akajenga upande wa pili. Walipomaliza aliuegemea uzio kwa uzito wake wote, akautikisa, haukutikisika. Alifungua na kufunga komeo la geti dogo walilolitia kwenye uzio.

"Huu sasa ni kazi," alisema kwa fahari. "Hapa hatoki mtu, mama. Hata kije kimbunga."

Akamletea simu yake atie sahihi kwa kidole. Chini ya sahihi kulikuwa na swali, ameridhika kwa kiasi gani, na nyota tano za kugusa. Kijakazi alizitazama. Yule mtu alikuwa mwema, tope limemfika magotini, na alikuwa amesimama ndani ya bustani yake mchana kutwa bila hata kikombe cha maji, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefunga na hakukumbuka kumpa. Akazigusa zote tano.

"Kuna tatizo lolote jingine?"

"Hapana," alisema Kijakazi. "Alhamdulillah."

Walipoondoka alirudi ndani. Akaufunga mlango wa bustani kwa ufunguo, akaenda kuhakikisha ule wa mbele, akazitia funguo zote mbili mfukoni, akakaa kwenye kiti cha jikoni kutazama dirishani kama kawaida yake, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba hakuna tena mtu wa kumfungia ndani.